Kibwawa Kilichozungushiwa Waya

Nyumba niliyoolewa ilikuwa na wanawake wanne, na mimi wa tano, na hapakuwa na hata mmoja kati ya wale wanne aliyejua kunyamaza. Mama mkwe aliamka akisema na kulala akisema. Mawifi zangu watatu, wote bado hawajaolewa, walijibizana tangu kuwasha moto wa asubuhi mpaka kufukia makaa. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya Wazungu mjini Arusha, na alirudi mara moja kwa mwezi, akiwa na sukari kidogo na kipande cha sabuni. Siku nyingine zote nilibaki na mama yake.

Tulikaa kwenye mteremko wa Mlima Meru, mwendo wa saa mbili kupanda kwa miguu kutoka Kikatiti. Chini ya migomba yetu lilianza shamba la kahawa la mzungu, nalo lilipanda kando ya mto mpaka msituni, na siku za kazi nilishuka huko kuchuma buni. Huko nako nyapara alitukana tangu debe la kwanza mpaka la mwisho, na mashine ya kukoboa ilinguruma karibu na mto hata ukiongea na mwenzako inabidi umshike bega. Nikirudi nyumbani masikio yanavuma, mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, ana maneno ya siku nzima.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kupenda upweke kwa tabia. Nilikuwa msichana mchangamfu. Lakini kati ya watoto wangu wawili, yule wa pili, wa kike, alikufa kwa homa akiwa na miezi minane. Watu walijaa nyumbani, wakaimba, wakala, wakaondoka. Siku ya nne, mbele ya wanawake waliokuwa wakitusaidia kuosha vyungu, mama mkwe alisema, "Maziwa yake huyu hayakuwa mazuri. Nililiona tangu mwanzo."

Hakuna aliyemkanya. Nilitaka kulia, na sikupata pa kulilia. Nikiingia ndani, wifi alinifuata kuuliza naficha nini. Nikikaa nyuma ya nyumba, mama mkwe aliita, "Anayekaa peke yake anaongea na nani?" Kwetu kuulizwa hivyo kulikuwa karibu sawa na kuitwa mchawi.

Kibwawa nilikipata kwa sababu ya ng'ombe. Ilikuwa kiangazi, majani yamekauka, na mimi ndiye niliyetumwa kukata. Nilipanda nikifuata mto, nikaipita migomba ya mwisho, nikafika ukingoni mwa msitu. Pale mto unaruka jiwe jeusi la kimo cha mtu, halafu unatulia kabisa, unakuwa bwawa dogo ambalo ningeweza kurusha jiwe likavuka. Mbega walikuwa juu mitini. Walinitazama, wakaendelea na majani yao. Niliweka mundu chini, nikakaa, nikalala papo hapo, usingizi wa kwanza wa maana tangu tumzike mtoto.

Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama. Sikuomba siku ile. Sikuwa na neno la kumwambia Mungu isipokuwa la kumlaumu, na nilifundishwa kwamba hilo halifai. Nilikaa tu. Lakini nilipoinuka kufunga mzigo wangu, nilijua kwamba kuna aliyekaa nami muda wote ule, na kwamba hakuwa amenisema vibaya. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Nimejaribu mara nyingi na kila mara limeharibika.

Nikaanza kwenda kila Jumapili. Ibada ikiisha, watu walipokuwa wakisalimiana nje ya kanisa na kwenda kutembeleana, mimi nilipanda mlimani. Mara nyingine niliimba kwa sauti ya chini. Mara nyingi sikufanya lolote. Nikirudi niliweza kumvumilia mama mkwe mpaka Jumatano hivi.

Baada ya vita vya pili, shamba lile la kahawa likapata bwana mpya. Alikuwa mzungu mrefu, mwenye shingo nyekundu na mguu mmoja mzito, na watu walisema alikuwa askari. Hata msimu mmoja haukwisha, akaleta samaki wadogo wenye madoa, kwenye mapipa, akawamwaga mtoni. Jumapili moja nikafika kwenye kibwawa nikakuta waya wa miiba, na ubao umepigwa misumari kwenye mti. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu shule ya misheni, nikausoma: HAKUNA RUHUSA KUPITA. Nikapita chini ya waya, nikakaa mahali pangu.

Alinikuta hapo. Alikuwa na fimbo yake ndefu ya kuvulia na mbwa mkubwa wa rangi ya majivu.

"Wewe! Taka nini hapa?"

"Sitaki kitu, bwana. Nimekaa."

"Kaa nyumbani kwako."

"Nyumbani hapakaliki."

Sidhani alilielewa neno hilo. Akanyoosha fimbo kuelekea chini, kwenye shamba. "Siku sita mimi sikia kelele. Nyapara, mashine, watu. Jumapili mimi taka kimya. Hapa."

"Na mimi, bwana," nikasema.

Alinitazama kana kwamba kuku ameongea. Halafu uso wake ukapanda damu, akaiachia kamba ya mbwa. Nilikimbia, lakini waya ule wa miiba ulinikamata kanga, na mbwa akanipata nyuma ya mguu. Alimwita mbwa arudi, hilo nitalisema. Lakini alimwita baada ya mbwa kuuma, si kabla. Alama ninayo mpaka leo.

Mtu mwenye busara angeacha. Mimi nilikaa wiki mbili nikichechemea, nikimsikiliza mama mkwe akisema kwamba mbwa hamwumi mtu bure, na katika wiki hizo mbili chuki yangu kwa mzungu yule ilikua mpaka ikawa kama chakula. Nilipopona nilipanda tena. Safari hii nilivuka mto juu zaidi, kwenye mawe, nikashuka kwa upande wa pili. Ng'ambo ile haikuwa ya shamba lake. Ilikuwa msitu wa serikali, na mwenye haki ya kunifukuza huko alikuwa askari wa misitu, ambaye Jumapili alikuwa kwenye pombe ya mbege.

Mzungu aliponiona alisimama. Akapiga kelele kwa Kiingereza. Mbwa naye akabweka mpaka bwana wake akamfunga kwenye nguzo ya waya ili asiwatishe samaki. Nilikaa chini, nikakunja kanga magotini, nikatazama maji. Baada ya muda mrefu alikaa pia.

Ndivyo zilivyokwenda Jumapili nyingi. Yeye upande wake, mimi upande wangu, bwawa katikati. Nisidanganye kwamba tulikuwa na amani. Nilijua kila kukohoa kwake na nilichukia kila kimoja. Nilipofumba macho kuomba, nilianza kwa kumwomba Mungu amvunje mguu ule mwingine. Lakini ombi hilo halikudumu hata siku moja. Maji yalianguka, mbega walihama kutoka mti hadi mti, na taratibu nilisahau kwamba yupo, nikabaki na yule mwingine ambaye nilimfuata pale.

Siku moja wifi mdogo akanifuata. Alituona tumekaa tukitazamana na mto katikati, akakimbia kushuka, na kabla sijafika nyumbani mama mkwe alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba tatu. Kwa maneno yake, nilikuwa mwanamke wa mzungu. Mbwa? Mbwa alitumwa na memsahibu kwa wivu, ingawa mzungu yule hakuwa na mke.

Wazee wa kanisa wakaniita. Tulikaa katika chumba kidogo cha nyuma, mchungaji na wazee wawili upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Nilisema shikamoo mara tatu na kuitikiwa mara moja. Mchungaji alianza kwa Kimeru, kama baba, halafu akahamia Kiswahili, nami nikajua kwamba sasa nimeshitakiwa.

"Tunasikia unakwenda mtoni kwa mzungu kila Jumapili."

"Naenda mtoni, mchungaji. Mzungu naye huwa yuko."

"Mnafanya nini?"

"Yeye anavua samaki. Mimi nanyamaza."

Mzee mmoja alicheka kwa pua. Mchungaji hakucheka. "Kabla ya Injili," alisema, "watu wa mlima huu walitambika penye maji kama hayo. Unajua?"

"Najua. Sijapeleka mbuzi wala maziwa."

"Basi unaabudu nini huko?"

"Namwomba Mungu."

"Kanisa lipo. Mawe haya baba zetu waliyabeba vichwani kutoka bondeni. Kwa nini usiombee hapa?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema juu ya mtoto wangu. Lakini nilikuwa nimechoka nao, na mguu uliniwasha, nikasema, "Kwa sababu hapa mnaongea sana."

Jumapili iliyofuata ilitangazwa kwamba nimewekwa nje ya Meza ya Bwana. Nilihamia benchi la nyuma kabisa, pamoja na wasichana wawili waliopata mimba nyumbani kwao na mzee mmoja aliyekuwa na wake wawili. Mama mkwe alikaa mbele. Aligeuka kunitazama ili watu wamwone anavyosikitika.

Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi, mama yake alimpokea barabarani. Alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kukata fimbo. Hakunisalimu.

"Nionyeshe," akasema.

Tulipanda kimya. Ilikuwa Jumamosi, na mzungu hakuwepo. Tukakaa ng'ambo, mahali pangu, kwa muda wa kuvuta sigara moja. Alitazama maji, akatazama miti, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna kitu nimekikalia.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Hapana kitu hapa."

"Ndiyo, hapana kitu."

"Yaani unamwacha mtoto na bibi yake, unakuja kutazama maji?" Akaokota jiwe, akalitupa katikati ya bwawa. Akaokota lingine. Nilitamani kumsukuma mtoni. "Sikiliza, mama watoto," akasema bila kunitazama. "Mimi nanyamaza mwezi mzima. Jikoni nanyamaza. Nikipeleka sahani nanyamaza. Akinitukana mgeni nanyamaza. Nikija kwetu nataka kusikia watu wakiongea, na wewe ndio unakimbia."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Kwake kimya kilikuwa sare ya kazi. Nilimhurumia, na huruma yenyewe ikaniudhi, kwa sababu haikubadilisha kitu. Alikuwa na haki yake na mimi nilikuwa na yangu, na hazikuweza kulala kitanda kimoja. Fimbo aliitupa majini. Aliniambia nisiende tena. Aliporudi mjini, nikaenda.

Siku ambayo mzungu aliongea nami tena ilikuwa siku ya ukungu. Hakuwa amekamata samaki hata mmoja. Alisema kutoka upande wake, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kabla.

"Wewe kufa mtoto?"

Nilihisi kama amenivua nguo. "Nani amekuambia?"

"Nyapara."

Akaangalia fimbo yake. "Mimi pia," akasema. "Kijana. Moja tu. Vita."

Najua ambavyo watu hupenda hadithi kama hii iendelee. Nitaieleza ilivyokuwa. Sikumwonea huruma. Niliona nimeibiwa. Ardhi ilikuwa yake, buni ilikuwa yake, siku zangu sita zilikuwa zake, na sasa hata msiba alikuwa ameuleta hapa auweke juu ya wangu. Nilisema, "Pole, bwana," kwa sababu nililelewa vizuri. Akatikisa kichwa, akaendelea kunitazama, kana kwamba anangoja neno jingine.

Nilimpa. "Kama unajua uchungu huo, ondoa waya."

Nilisema polepole ili aelewe, na alielewa. Halafu akavuta uzi wake wote kutoka majini, akaukunja, akamfungua mbwa.

"Waya ni ya samaki," akasema, akaondoka.

Msimu ule kahawa ilizaa kupita kawaida. Mashine moja haikutosha, na bwana yule akaamuru ya pili ijengwe juu, karibu na msitu, mahali ambapo maji ni mengi. Sisi wachumaji tulibeba mawe ya msingi wake. Hakuna aliyeniuliza ninaonaje, na hata mimi sikuwaza mbele. Nilifurahi tu kwamba safari ya kubeba debe itakuwa fupi.

Wiki ya kwanza mashine ilipofanya kazi nilikwenda Jumapili kama kawaida. Harufu ilinipokea kabla sijafika. Bwawa lilikuwa limefunikwa na maganda mekundu ya kahawa, yameoza, yana povu, na ute umeshika mawe. Samaki walikuwa wameelea matumbo juu. Mbega hawakuwepo. Mzungu alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na mbwa wake anabweka kwenye nguzo.

Aliponiona alinyoosha kidole. "Wewe! Wewe tia sumu!"

Watu wetu walijua majani ya kulewesha samaki, na yeye alijua kwamba tunajua. Kwa shitaka hilo angeweza kunipeleka bomani Arusha, na nani angenisimamia? Mchungaji? Mama mkwe? Niliogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilivuka mpaka kwenye jiwe la katikati, karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa, nikaokota konzi ya maganda yale, nikamnyooshea.

"Sumu ndiyo hii, bwana. Imetoka juu. Nani ameweka mashine juu?"

Aliyatazama maganda mkononi mwangu. Akatazama mto kule yalikotoka mengine, yanakuja tu, yanaruka jiwe jeusi, yanaanguka. Alijua. Niliona alivyojua. Hakusema amekosea, wala hakusema samahani. Alisema, "Nyamaza," ingawa nilikuwa nimekwisha kunyamaza, akatoka majini akiburuta mguu wake.

Hakurudi tena pale. Nyapara alisema kwamba siku hizi Jumapili bwana anakunywa barazani tangu asubuhi. Nilipoteremka siku ile ya maganda nilikuwa nikicheka, nacheka kwa sauti njiani peke yangu kama mwendawazimu, kwa kuwa amejifanyia mwenyewe. Nilipofika kwenye migomba yetu kicheko kiliisha, nikakumbuka kwamba sasa hata mimi sina pa kwenda.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko ile ya msiba. Nilijaribu kukaa kanisani siku za katikati ya wiki, mtunza kanisa akaniuliza nimetumwa na nani. Nilijaribu njia ya kwenda msituni, nikakutana na askari wa misitu, ambaye siku hiyo hakuwa amelewa. Mwisho nikachukua panga, nikasafisha sehemu chini kabisa ya kihamba chetu, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kati ya migomba na ua wa mipaka, pana kama mkeka tu, nikatandika gunia.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "nikiwa pale chini mnihesabu sipo."

"Umeanza kujigawia kihamba cha mume wangu?"

"Nimekaa tu, mama."

"Kaa basi! Tuone."

Aliwafungulia kuku waje kuparua miguuni pangu. Aliwatuma mawifi kuja kugombana hatua tano kutoka nilipo, nao waligombana kwa ustadi. Alikuja mwenyewe kukata majani ya migomba juu ya kichwa changu, majani asiyoyahitaji. Mimi nilikaa. Siku za kwanza sikusikia kitu isipokuwa chuki yangu. Halafu, sijui ni lini, nilianza kusikia nyuma ya kelele zao kitu kilekile nilichokisikia mlimani. Kilikuwa hafifu, kinakatikakatika, lakini ndicho. Nilishangaa, maana nilikuwa nimeamini kwamba kimebaki kule chini ya maganda.

Karibu mwaka ulipita. Wazee wa kanisa wakaniita tena, nitubu nirudishwe. Nilisimama mbele ya watu nikasema, "Niliwajibu wazee vibaya, naomba msamaha. Kuhusu mto, sina la kutubu." Mchungaji alinitazama kwa muda, kisha akataja namba ya wimbo na watu wakasimama kuimba. Sijui mpaka leo kama niliachiliwa au nilirukwa. Jumapili ya ushirika alinipa kikombe bila kunitazama, nikanywa.

Mawifi waliolewa mmoja mmoja, yule mdogo akaenda Moshono, na nyumba ikabaki na mimi, mwanangu na mama mkwe. Alasiri moja nilishuka kwenye gunia langu nikamkuta amekalia. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule.

"Sogea," nilisema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwamuru.

Alisogea. Tulikaa tumebanana mabega, na akaanza kusema, kama nilivyotegemea. Alisema juu ya kuku, juu ya mwanamke wa jirani, juu ya mvua. Halafu, kwa sauti ileile, akasema kwamba yeye alizika wanne, na kwamba mama mkwe wake hakumwacha akae peke yake hata siku moja. Alilisema kama anayenishitaki, kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima.

"Wewe nani alikuruhusu?" akauliza.

"Hakuna, mama."

Akanyamaza. Sikumsamehe siku ile, na sikumfukuza. Upepo ulipita kwenye migomba, yeye akafumba macho, nami nikafumba yangu. Jua lilipoanza kushuka alinyoosha mkono nimwinue, nikamwinua, akaniambia nina mikono migumu kama mwanaume, tukaenda kumenya ndizi.